Kumuaga Paka wa Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wapenzi wasomaji wetu, kina mama na kina baba, safu hii imezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi ya watoto, masikilizano ya mume na mke, matunzo ya wazee na mambo ya jikoni. Leo twaomba mtupe nafasi tuzungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, na yamkini wapo watakaocheka. Twataka kusema nanyi juu ya paka aliyezeekea nyumbani, akaugua, na siku zake zikawa ni za kuhesabika.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika nyumba za mwambao wetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, ni nadra kukuta mbwa ndani, lakini paka hakosi. Hulala barazani, hupita jikoni, huwajua watu wa nyumba mmoja mmoja na huijua saa ya samaki kuingia sufuriani. Ya pili ni yale tuyaonayo kwa macho yetu. Mtu humfuga paka miaka 10 au zaidi, kisha akimwona amekonda, manyoya yamesimama na mkojo haumshiki, humtia guniani, akampa kijana wa mtaani shilingi 100 akamtupe marikiti au kwenye diko la wavuvi. Husema, “Huko atapata riziki yake.” Wengi wasemao hivyo si watu waovu. Wamechoka kufua na kupangusa, na hawakupata mtu wa kuwaonyesha njia nyingine. Lakini paka asiye na meno hawindi, na aliyepungukiwa na macho hawezi kupigana na paka wa sokoni. Huko alikopelekwa hana riziki. Anakwenda kufa kwa njaa mahali asipopajua.

Yaliyothibiti katika dini yetu

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama watambaao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi tulivyo umma. Kwa hivyo anayemhurumia mnyama hafanyi jambo la kipuuzi, wala haigi mila za watu wa mbali.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyekuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada, alimtilia mkwewe maji ya kutawadha. Akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Alipomwona mkaza mwanawe anamtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, naye ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Katika kitabu hicho hicho kuna habari ya mwanamke aliyetumwa kumpelekea Bibi Aisha (r.a.) harisa, chakula ambacho sisi wa pwani twakijua kwa jina la bokoboko. Alimkuta anasali, naye akamwashiria akiweke. Paka akaja akala sehemu yake. Bibi Aisha alipomaliza sala, alikula pale pale alipokula paka.

Swahaba Abu Hurayra (r.a.), aliyepokea Hadithi nyingi kuliko Maswahaba wote, jina lake hilo ni la utani lililotokana na mtoto wa paka aliyekuwa akicheza naye. Kuna pia kisa mashuhuri cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyeulalia. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na si vyema kukisimulia kana kwamba kimethibiti. Yaliyothibiti yatutosha.

Na katika yaliyothibiti, mojawapo latutisha. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Twaomba tuizingatie Hadithi hii pamoja na habari ya gunia. Yule mwanamke alimzuia paka asijitafutie. Anayemtupa paka mkongwe sokoni anamwachia huru mnyama ambaye nguvu za kujitafutia zimekwisha, naye anajua kwamba zimekwisha. Sisi hatumhukumu mtu, kwani hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini twaona njia hizi mbili zafikisha mahali pamoja. Sheria ya nchi yetu nayo, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kuwatesa wanyama.

Uzee na maradhi, na tofauti yake

Paka anayetunzwa ndani ya nyumba aghalabu huishi miaka 12 hadi 18, na wapo wanaozidi hapo. Aliyefika miaka 15 ni mzee kama mtu aliyepita miaka 70. Kulala sana, kuacha kuruka dirishani na kutaka mahali penye joto ni mambo ya kawaida katika umri huo. Lakini yapo mengine ambayo si uzee mtupu. Paka anayekunywa maji mengi kuliko desturi yake, anakojoa sana, anakonda, anatapika na pumzi yake inanuka, huenda figo zake zimeanza kushindwa kazi, na maradhi hayo huwapata paka wazee wengi. Anayekula kwa pupa na bado akakonda, huenda tezi la shingoni ndilo linalomsumbua. Anayekiendea chakula kisha akarudi nyuma, huenda meno yanamuuma. Haya hujulikana kwa kupimwa, na baadhi yake yana dawa ya kumpa nafuu ya miezi au hata miaka. Kwa hivyo asikatiwe tamaa kabla ya kuonwa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Paka huficha maumivu yake. Hali kama mbuzi, wala halii kama mtoto. Hujikunyata mahali pa giza, huacha kujilamba, na huchukia kushikwa. Hata ule mngurumo wake wa kifuani, ambao sisi huudhani kuwa ni furaha, hutoka pia akiwa katika uchungu. Basi asituhadae.

Hapa pana jambo ambalo twawasihi mlikumbuke hata mkiyasahau mengine yote. Usimpe paka panadol, wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Mwili wake hauwezi kuisaga dawa hiyo, na kidonge kimoja chatosha kumuua kwa mateso. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo humdhuru damu, kwa hivyo mchuzi wetu si chakula chake, ijapokuwa una samaki. Maziwa ya ng'ombe huwaendesha tumbo paka wengi waliokwisha kukua. Samaki aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba, akapondwa na kutiwa maji yake vuguvugu, humfaa mgonjwa zaidi. Paka akikaa siku mbili bila kula chochote, msingoje siku ya tatu, kwani ini lake laweza kuharibika.

Tutanabahi jambo jingine. Paka ambaye kwa ghafula amegeuka mkali, anang'ata ovyo, mate yanamtoka na hawezi kumeza, hilo si la uzee. Yawezekana ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Kumtunza mgonjwa katika nyumba ya sala

Kina mama wengi hutuuliza juu ya tohara, na ndilo jambo linalowafanya wamchoke paka mgonjwa. Jawabu ni jepesi kuliko wanavyodhani. Mate ya paka ni tohara, na maji aliyoyanywa hayaharibiki. Mkojo wake, kinyesi chake na matapishi yake ni najisi, kama yalivyo ya mtoto aliyekwisha kuanza kula. Huondolewa ile najisi yenyewe, kisha pakaoshwa kwa maji safi mpaka rangi na harufu vikatoka. Haihitaji kuosha mara saba wala mchanga, kwani hiyo ni hukumu ya mbwa na nguruwe.

Mgonjwa atengewe pembe yake, mbali na chumba cha kusalia. Atandikiwe leso kuukuu ambazo zafulika kwa urahisi, na chini yake karatasi ya nailoni. Awekewe beseni la mchanga lenye ukingo mfupi, kwa sababu miguu yake haimwezeshi tena kuruka. Maji yawekwe mahali pawili au patatu asiende mbali. Afutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kwani paka ni mnyama anayejipenda, na uchafu humhuzunisha.

Mama mjamzito asisafishe beseni hilo. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo apewe mtu mwingine, tena ifanywe kila siku, kwani kijidudu hicho huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Akikosekana mtu, basi avae glavu na aoshe mikono vizuri. Hapana haja ya kumfukuza paka.

Lililotufika sisi

Jambo hili limetufika nyumbani mwaka huu, ndiyo sababu twalizungumza. Tulikuwa na paka wa rangi ya dhahabu aliyeingia kwetu akiwa mchanga, Ramadhani ya miaka 16 iliyopita, karibu na magharibi, wakati kaimati zikitiwa shira. Watoto wa siku zile wakamwita Kaimati. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeruhusu abaki. Baba alipofariki, Kaimati alihamia miguuni pa Bi Mkubwa, mama yetu. Alfajiri mama akiamka kutawadha, naye huamka. Akisali, hulala karibu na ncha ya msala akangoja atoe salamu, ndipo amlilie chakula.

Daktari alipomwona alisema figo zimechoka na hazitarudi zilivyokuwa. Tulimtunza miezi 7 kwa chakula cha majimaji, dawa na maji ya kudungwa chini ya ngozi. Kisha ikaja juma ambalo hakuweza kusimama. Akawa hali, na usiku akitoa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwake maisha yake yote.

Hapo nyumba ikagawanyika. Ndugu yetu aliye ughaibuni alisema kwa simu kwamba mnyama aliyefika hapo hupigwa sindano akapumzika, na kumwacha ni ukatili. Dada yetu mkubwa akasema roho ni ya Aliyeiumba, wala si yetu sisi kuiharakisha. Kila mmoja alisema kwa huruma, na kila mmoja alimwona mwenzake hana huruma. Siku mbili tulikula chakula kimya.

Tukamwendea sheikh anayesomesha katika msikiti wa mtaani kwetu. Hakutukejeli. Alitueleza kwamba katika vitabu vya fiqhi ya Kishafii, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, wamo waliokataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Kisha akasema wapo wanavyuoni wengine, hasa wa zama zetu hizi, waliojuzisha ikiwa maradhi hayatarajiwi kupona na mateso yamezidi, kwa sharti kwamba njia itakayotumika isimwongezee maumivu. Akatukumbusha Hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahih Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameuwajibisha wema katika kila jambo hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Mwisho akatuuliza, “Je, daktari amesema nini juu ya maumivu? Ikiwa dawa yaweza kuyatuliza, mpeni dawa, mngoje amri ya Mola wenu. Ikiwa haiwezi, mna nafasi ya kuifuata kauli ya waliojuzisha. Na aonaye uzito moyoni mwake asilazimishwe.”

Tulifanya kama alivyosema. Daktari alimpa dawa ya kutuliza, na siku tatu alilala vizuri. Siku ya nne dawa haikumshika tena. Jioni ile Bi Mkubwa alituita sote akasema, “Nimemlisha miaka 16. Sitamwacha alie usiku mwingine kwa sababu mimi sitaki kulia.”

Daktari alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri. Dada yetu hakukubali, wala hakubadili neno lake, na hakukaa chumbani. Lakini ndiye aliyekuwa amepasha maji na kumfuta manyoya yote, na ndiye aliyemtafutia leso safi ya kumlalia. Sindano ya kwanza ilimlaza usingizi mzito, ya pili ikausimamisha moyo. Haikufika robo saa. Mkono wa Bi Mkubwa ulikuwa kichwani pake tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatukuwaeleza haya ili mfanye kama sisi. Yupo atakayeifuata kauli ya kwanza, akamtuliza mgonjwa wake kwa dawa mpaka ajali yake ifike, naye pia amefanya ihsani. Twasema tu kwamba uamuzi huu usifanywe na mtu mmoja kwa hasira au kwa uchovu. Aulizwe daktari juu ya mwili, aulizwe sheikh juu ya hukumu, na watu wa nyumba wasikilizane. Tena waulizane mapema, mgonjwa angali anakula, kwani usiku wa manane si wakati wa kutafuta fatwa wala wa kuuliza gharama. Na mtu asijifanyie mwenyewe kwa sumu, au maji, au kamba. Hilo halina aliyelijuzisha.

Kumzika, na maswali ya watoto

Katika Suratul Maida imesimuliwa jinsi kunguru alivyotumwa kumfunza mwana wa Adam namna ya kumsitiri ndugu yake ardhini. Mnyama hana sala ya jeneza, hana sanda wala hitima, na si halali kumzulia mambo hayo. Lakini kumfukia ni jambo jema, kwa kuwa kunaondoa harufu na maradhi njiani mwa watu. Mwili uviringishwe katika nguo kuukuu, shimo liende chini kiasi cha futi 3 lisifukuliwe na mbwa, na liwe mbali na kisima. Nyumba zetu za Mji wa Kale hazina viwanja. Sisi tuliomba nafasi katika shamba la jamaa yetu upande wa Kisauni, na hakutunyima. Msitupe mwili jaani wala baharini. Waliomshika waoshe mikono, na palipolowa majimaji ya maiti paoshwe, kwani mzoga ni najisi.

Watoto msiwafiche. Wengine huwaambia paka amesafiri, au ametoroka. Mtoto atakaa mlangoni kumngoja, na siku atakapoujua ukweli atauliza ni mangapi mengine aliyoambiwa yasiyo kweli. Aambiwe kwa maneno mepesi kwamba amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hana maumivu, na hatarudi. Ikiwa alipigwa sindano ya mwisho, msiseme “amelazwa,” kwani mtoto ataogopa kulala, na ataiogopa sindano ya kliniki.

Mtoto wetu wa miaka 6 aliuliza kama Kaimati atakwenda peponi. Tulimjibu kwa tunayoyajua. Qur'ani imetaja kwamba wanyama watakusanywa Siku ya Kiyama, na wafasiri wamepokea kwamba baada ya kulipizana haki zao wataambiwa wawe udongo. Wao hawana moto wa kuuogopa. Na imetajwa vilevile katika Suratuz Zukhruf kwamba peponi kuna kila ambacho nafsi itakitamani. Mtoto alifikiri kidogo, akasema, “Basi mimi nitamtamani.” Tukamwambia ajitahidi kufika huko kwanza.

Wala msimkataze kuhuzunika. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtoto mdogo aitwaye Abu Umayr, ndugu wa Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na mzigo wote wa umma aliokuwa nao, alipomwona mtoto ameinamisha kichwa alimwuliza kwa jina lake habari za kindege chake. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Wanavyuoni wametoa mafunzo mengi katika Hadithi hiyo fupi. La kwetu sisi wazazi ni kwamba huzuni ya mtoto yastahili kuulizwa.

Huzuni ya wakubwa

Yaliyo ya mtoto ndiyo ya mzee. Katika miji yetu wamo kina mama waliofiwa na waume, watoto wametawanyika Nairobi, Maskati na Uingereza, na kiumbe kinachowapokea mlangoni ni paka. Paka huyo huenda ndiye wa mwisho aliyelishwa kwa mkono wa marehemu. Akifa, mama hulia, kisha huona haya kwa kulia, kwa sababu jirani ameshasema, “Ah, paka tu huyo, wamejaa mitaani!” Machozi hayana dhambi. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga na kumlaumu Mola. Mpigieni mama huyo simu. Nendeni mkakae naye barazani baada ya alasiri, mnywe kahawa, mumwache amtaje paka wake kwa jina. Wala msimletee paka mwingine siku ya pili kana kwamba mwabadilisha kikombe kilichovunjika. Akimtaka atasema mwenyewe.

Kwetu, mchuuzi wa samaki alikuja Jumamosi kama desturi yake ya miaka mingi, na mfuko wa vichwa vya changu aliowekea Kaimati, kwani hakuwa amepata habari. Tulitaka kumwambia asilete tena. Bi Mkubwa akatutangulia mlangoni, akaupokea, akamlipa, akavichemsha vichwa vile akavitoa uchochoroni kwa paka wa mtaani. Jumamosi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Dada yetu sasa ndiye anayemsaidia kutoa miiba.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, kwamba katika kila chenye uhai kuna thawabu. Aliye na paka mkongwe nyumbani leo amtazame. Ayaongeze maji yake, amsogezee beseni lake, amwite daktari akiona dalili tulizozitaja. Na anayelijua gunia linalokwenda marikiti alizuie kwa maneno mazuri, akieleza yaliyo bora.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wapole kwa viumbe vyake vilivyo chini ya mikono yetu, vikiwa na nguvu na vikiwa havina, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia waliotufunza kutupa tonge la kwanza la samaki chini ya meza. Amin.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutazungumzia matayarisho ya watoto wanaokwenda kuanza madrasa. Wenye maswali wayapeleke kwa anayewagawia jarida hili msikitini, nasi tutayajibu kwa kadiri ya elimu yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.